Torati Inaishia Wapi? Mjadala juu ya Vitabu Vitano, Sita, Vinne na Tisa

Musa anapanda Mlima Nebo, anaonyeshwa nchi yote tangu Gileadi hadi Dani, kisha anafariki bila kuikanyaga. Torati inakomea hapo. Kwa msomaji aliyeanza na Mwanzo sura ya 12, ambako Abramu anaahidiwa nchi hiyo hiyo, mwisho huu ni mgumu kumeza. Ahadi imebebwa vitabu vitano vizima na haijatimia, ilhali ukurasa unaofuata tu Yoshua anajiandaa kuvuka Yordani. Je, kitabu kimekwisha, au kimekatwa?

Wataalamu wa Agano la Kale wamelijibu swali hili kwa kutunga majina. Anayesema Torati imekamilika kwa kifo cha Musa anazungumza juu ya Pentateuko, yaani vitabu vitano. Anayeona kuwa hadithi haiwezi kukamilika bila Yoshua anaunganisha sita na kuviita Heksateuko. Mwingine anakitenga Kumbukumbu la Torati na kubaki na vinne, Tetrateuko. Wapo pia wanaosoma moja kwa moja tangu uumbaji hadi kuanguka kwa Yerusalemu, Mwanzo hadi Wafalme, nao wanahesabu tisa: Eneateuko. Mwishoni mwa majina yote haya limo neno la Kigiriki lililotaja chombo au kasha la kuwekea magombo, kwa hiyo kila mtaalamu anatuambia tu kasha lake lina magombo mangapi.

Wanafunzi wengi wa theolojia huyakariri majina haya kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau, na mimi naona hiyo ni hasara kubwa. Kila jina ni dai zito juu ya ahadi ya Mungu: kama ilitimia, kama ilipotea, au kama bado inangojewa. Ndiyo maana nimeona niwakutanishe hapa wasemaji watatu: mchungaji mstaafu, mwalimu wa Agano la Kale na mwanafunzi wake. Wao nimewabuni, lakini hoja wanazozibeba zimekuwepo muda mrefu.

MCHUNGAJI: Nianze na lililo wazi. Vitabu ni vitano, na hilo halikuamuliwa na profesa yeyote. Wayahudi na Wasamaria waligombana juu ya mahali pa kuabudu hadi wakafikia kutochangamana, kama tunavyosoma katika Yohana sura ya 4. Wasamaria hawana Isaya, hawana Zaburi, hawana Wafalme. Vitano vya Musa wanavyo. Mahasimu wawili wakikubaliana jambo moja, aghalabu jambo hilo lina umri mkubwa kuliko ugomvi wao. Tena Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kutafsiri Maandiko kwa Kigiriki, katika karne ya 3 KK, walianza na hivyo hivyo vitano. Na katika Luka 24 Bwana mwenyewe anataja Torati ya Musa, na Manabii, na Zaburi. Sasa nani alimpa mtaalamu wenu Wellhausen ruhusa ya kuongeza cha sita?

MWALIMU: Yusufu ndiye aliyempa, Baba Mchungaji. Fungua mwisho wa Mwanzo. Yusufu anawaapisha wana wa Israeli kwamba wataipandisha mifupa yake kutoka Misri. Katika Kutoka 13 Musa anaichukua. Baada ya hapo mifupa haitajwi tena katika Walawi, wala Hesabu, wala Kumbukumbu. Inazikwa wapi? Yoshua 24:32, huko Shekemu, katika kiwanja ambacho Yakobo alikinunua kwa wana wa Hamori kwa vipande mia vya fedha, na ununuzi wenyewe umesimuliwa katika Mwanzo 33. Aliyeandika mstari ule alivijua vitabu vile vya mwanzo vizuri kabisa. Ukifunga kitabu pale Nebo, marehemu bado yuko njiani hajazikwa.

MWANAFUNZI: Na mabinti wa Selofehadi, Mwalimu. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Katika Hesabu 27 wanasimama mbele ya Musa na kudai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, nao wanapewa haki. Hesabu 36, sura ya mwisho ya kitabu, inawarudia. Lakini ardhi yenyewe wanaipata katika Yoshua 17. Hukumu imetolewa katika kitabu kimoja na kutekelezwa katika kingine.

MWALIMU: Umesema vyema. Hoja hiyo ninaithamini kuliko ya mifupa, kwa sababu inahusu watu walio hai. Wellhausen alipochapisha utafiti wake juu ya utunzi wa Heksateuko mnamo 1876 na 1877, naye Kuenen akifanya kazi kama hiyo huko Leiden, hawakuwa wakibuni kitabu kipya. Waliona kwamba nyuzi walizozifuata katika Mwanzo na Kutoka zinapita hadi katika Yoshua. Kisha Gerhard von Rad, mwaka 1938, akaielekeza hoja kwenye ibada. Alichukua maneno ambayo mkulima Mwisraeli huyasema anapoleta malimbuko, Kumbukumbu 26:5–9: baba aliyetangatanga, kushuka Misri, mateso, kuokolewa, na kupewa nchi ijaayo maziwa na asali. Akasema hili ni ungamo la imani, na Heksateuko ni ungamo hilo hilo lililotanuliwa. Linaanza na baba asiye na makao na kuishia katika ardhi. Vitano peke yake havilifikishi ungamo hilo mwisho.

MCHUNGAJI: Lakini ungamo hilo halitaji Sinai hata kidogo! Nusu ya Kutoka, Walawi yote, sura kumi za kwanza za Hesabu, yote hayo yako Sinai. Mtu anawezaje kueleza Torati kwa muhtasari usiokuwa na Torati?

MWALIMU: Von Rad aliliona. Hata hotuba ya Yoshua 24 inaruka Sinai. Yeye aliamini kwamba mapokeo ya Sinai yalitunzwa katika sikukuu nyingine, yakaja kuunganishwa baadaye. Waliomfuata wengi hawakuridhika. Waliyachunguza maneno ya Kumbukumbu 26 wakaona lugha yake imeiva sana kuwa ya kale. Ni muhtasari wa waandishi waliokwisha kuijua hadithi nzima. Kwa hiyo nguzo ile ya von Rad imelegea. Mifupa na mabinti bado wako pale pale.

Hapa sharti niingilie, maana Mchungaji ana hoja ambayo wataalamu huipita haraka. Hakuna gombo la Heksateuko lililowahi kupatikana. Hakuna sinagogi linaloisoma, hakuna kanisa linaloitambua, hakuna mwandishi wa kale anayeitaja. Katika mapango ya Qumran, yaliyoanza kutoa hazina yake mwaka 1947, vilipatikana vipande vya magombo yaliyobeba zaidi ya kitabu kimoja: Mwanzo pamoja na Kutoka, Kutoka pamoja na Walawi, Walawi pamoja na Hesabu. Ni jirani na jirani, wote wakiwa ndani ya vile vitano. Mwanafunzi akiandika katika jibu lake kwamba "Heksateuko iligawanywa", lazima ajue anasimulia dhana, haelezi kitu kilichoshikwa mkononi. Dhana yaweza kuwa nzuri na ya kweli. Hata hivyo haikai daraja moja na kitabu ambacho watu walikitunza kwa damu.

MCHUNGAJI: Ahsante. Na niongeze. Yoshua sura ya 1, mstari wa 8, Yoshua anaamriwa asiache kukitafakari kitabu cha torati mchana na usiku. Kama Yoshua anakisoma, basi kitabu kilikwisha kufungwa kabla yake. Yeye ni msomaji wa kwanza wa Torati, si sehemu yake.

MWALIMU: Mstari huo una nguvu, Baba Mchungaji, nakubali. Ila soma kitabu hicho hicho hadi mwisho. Yoshua 24:26 inasema Yoshua aliyaandika maneno haya katika kitabu cha torati ya Mungu. Kitabu alichokuta kimefungwa, sasa anaandika ndani yake! Wapo wataalamu wa siku zetu wanaouona mstari huo kama sahihi ya watu waliotaka Torati iwe na vitabu sita. Walipendekeza, na pendekezo lao likashindwa, lakini alama ya kalamu yao haikufutwa.

MCHUNGAJI: Hilo sikuwahi kulitazama hivyo.

MWANAFUNZI: Mimi kinachonichanganya ni mtaalamu mwingine, Noth. Mwenzake von Rad anasema sita, yeye anarudi nyuma hadi vinne. Wote Wajerumani, wote wa kizazi kimoja, wanasoma Kiebrania kile kile.

MWALIMU: Noth alikuwa akifundisha Königsberg, na kitabu chake kilitoka mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto. Swali lake halikuanzia Mwanzo, lilianzia Wafalme. Tangu 1805 mtaalamu de Wette alikuwa amekihusisha Kumbukumbu na kile kitabu cha torati kilichopatikana hekaluni siku za mfalme Yosia, 2 Wafalme 22. Noth akasikia sauti ya Kumbukumbu ikiendelea mbali zaidi. Kila historia inapofika njia panda, mtu mkubwa anasimama na kuhutubia kwa lugha ile ile: Yoshua anapoaga katika sura ya 23, Samweli katika 1 Samweli 12, Sulemani anapoomba hekaluni katika 1 Wafalme 8. Pasipo na mtu wa kuhutubia, msimulizi mwenyewe anatoa hukumu, kama katika Waamuzi 2, au katika 2 Wafalme 17 Samaria inapoanguka. Noth akahitimisha kwamba Kumbukumbu, Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme ni kazi moja. Ndiyo inayoitwa Historia ya Kideuteronomia. Mwandishi wake, kwa maoni yake, aliishi wakati wa uhamisho, baada ya mfalme Yehoyakini kufunguliwa gerezani Babeli, tukio la mwisho kabisa katika Wafalme, yapata 562 KK.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo Kumbukumbu ni mlango wa nyumba ya pili, wala si ukuta wa mwisho wa nyumba ya kwanza.

MWALIMU: Ndivyo alivyoona. Sura tatu za kwanza za Kumbukumbu zinasimulia upya safari ya jangwani, kama utangulizi wa mtu anayeanza kazi mpya. Nyuma yake vikabaki vinne. Ivan Engnell wa Uppsala akalishika jina la Tetrateuko na kulitetea wazi mwaka 1945.

MCHUNGAJI: Kitabu gani hicho kinachoishia katika nchi tambarare za Moabu bila hata mazishi ya Musa?

MWALIMU: Hapo umegusa jeraha la nadharia yenyewe. Katika Hesabu 27 Mungu anamwambia Musa apande mlimani, aitazame nchi, akusanywe kwa watu wake. Yoshua anawekewa mikono. Kila kitu kiko tayari kwa kifo. Lakini Musa hafi. Zinafuata sura tisa zaidi za Hesabu, kisha Kumbukumbu nzima na hotuba zake, na agizo la kupanda mlima linarudiwa mwishoni mwa Kumbukumbu 32. Kifo chenyewe kinakuja sura ya 34. Noth alisema masimulizi ya kale yalikuwa na mwisho wake juu ya kuingia nchini, ukapotea vitabu vilipounganishwa. Kusema mwisho umepotea ni jibu la mtu aliyebanwa.

Nakubaliana na Mwalimu. Tetrateuko ni jina nililoshindwa kulipenda, kwa kuwa linatupa kitabu ambacho hakuna aliyekimaliza. Ila kazi ya Noth upande wa pili, ule wa Kumbukumbu hadi Wafalme, ilibadilisha usomaji wa karne nzima. Frank Moore Cross wa Harvard aliirekebisha mwaka 1973 kwa kudai matoleo mawili, moja la siku za Yosia lenye matumaini, lingine la uhamishoni lenye maombolezo. Wengine leo wanaikataa kabisa. Hata anayeikataa hawezi tena kusoma Waamuzi 2 bila kuisikia ile sauti.

MWANAFUNZI: Niruhusuni nitetee tisa, maana hakuna aliyeniomba. Adamu na Hawa wanapewa bustani na amri moja. Wanaivunja, wanafukuzwa kwenda mashariki. Israeli wanapewa nchi na amri. Wanazivunja, wanachukuliwa mashariki. Abrahamu anatoka na baba yake Uru wa Wakaldayo katika Mwanzo 11, na katika 2 Wafalme 25 Wakaldayo ndio wanaobomoa kuta za Yerusalemu na kuwarudisha wajukuu zake kule kule. Wa kwanza kuliona hili si wa juzi. Mwanafalsafa Spinoza, katika kitabu chake cha 1670, alisema vitabu vyote hivi tangu Mwanzo hadi Wafalme ni kazi ya mwanahistoria mmoja, akamkisia Ezra. Katika karne ya 20 David Noel Freedman akaviita Historia ya Msingi. Hata hesabu ya miaka inavuka mipaka: 1 Wafalme 6:1 inahesabu miaka 480 tangu kutoka Misri hadi kuanza kujengwa hekalu. Mtu hahesabu hivyo kama anasoma vitabu visivyohusiana.

MCHUNGAJI: Na Ruthu umemweka wapi, mwanangu? Mimi nahesabu kidoleni: Mwanzo, Kutoka, Walawi, Hesabu, Kumbukumbu, Yoshua, Waamuzi, Ruthu, Samweli wa kwanza na wa pili, Wafalme wa kwanza na wa pili. Hivyo ni kumi na viwili.

MWANAFUNZI: Samweli ni kimoja kwa Kiebrania, Baba Mchungaji, na Wafalme pia. Mgawanyo ni wa Kigiriki. Na Ruthu katika Biblia ya Kiebrania yumo katika Maandiko, sehemu ya tatu. Sisi tunamkuta baada ya Waamuzi kwa sababu Biblia zetu za Kiswahili zimefuata mpangilio uliotoka kwenye Kigiriki.

MWALIMU: Na mpangilio huo nao ni dai. Sisi shule ya Jumapili tumefundishwa: vitabu vya sheria, vya historia, vya mashairi, vya manabii. Kwa hiyo Yoshua ni historia. Wayahudi wanaviita Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme "Manabii wa Kwanza". Tofauti ni kubwa. Ukisoma kuanguka kwa Yeriko kama historia, utauliza kama kuta zilianguka na lini. Ukisoma kama unabii, utauliza taifa lililopewa bure liliifanyia nini zawadi hiyo, na mbona likaipoteza.

MCHUNGAJI: Hilo nitalihubiri. Lakini hamjanijibu. Kama hadithi inakwenda hadi Babeli, na kama ahadi inatimia kwa Yoshua, kwa nini waliokuwa na yote mkononi walikata pale Nebo? Hawakuwa wajinga.

Kwa maoni yangu, swali hili ndilo roho ya mjadala mzima. Nitalijibu mwenyewe. Torati ilipata umbo lake la mwisho chini ya Waajemi, na kufikia hapo watu wa Mungu walikuwa wametawanyika. Wengi walibaki Babeli. Wengine walikuwa Elefantine, kusini mwa Misri, na hekalu lao. Lilipobomolewa walimwandikia gavana wa Yuda mwaka 407 KK kuomba msaada, na katika barua ile ile wakasema wamewaarifu pia wana wa Sanbalati, gavana wa Samaria. Kulikuwa na Yerusalemu, kulikuwa na Gerizimu, mlima wa ibada wa Wasamaria, na pande hizo mbili zilimtaja Musa. Kitabu kinachoishia na Yoshua kingesema: agano ni ardhi, na aliye nje ya ardhi yuko nje. Kinachoishia na Wafalme kingesema: agano ni nyumba ya Daudi, na Wasamaria wangekiweka chini. Kinachoishia na Musa kinasema sheria yote ilitolewa jangwani na ng'ambo ya Yordani, kabla mtu hajamiliki hata shamba moja. Inaweza kushikwa Babeli. Inaweza kushikwa Misri.

Angalieni jambo hili: jina la Yerusalemu halimo hata mara moja katika vitabu vitano. Salemu imo, katika habari za Melkizedeki, lakini Yerusalemu hapana. Kumbukumbu husema tu mahali atakapopachagua Bwana. Wasamaria katika nakala yao husoma "alipopachagua", wakiwa na Gerizimu moyoni, na katika Kumbukumbu 27:4, ambapo nakala ya Kiyahudi ina mlima Ebali, wao wana Gerizimu. Ugomvi ulipita hata katika neno moja na jina la mlima mmoja. Kitabu chenyewe kilibaki kipana kiasi cha kuwabeba wote wawili. Naona hekima kubwa katika mkato huo, na ndiyo sababu nasimama upande wa Mchungaji. Vitano ni uamuzi wa jamii iliyopoteza ardhi, mfalme na hekalu, ikaamua kwamba bado ina neno.

MWALIMU: Mimi sipingi, ila nisingependa vitano vifungwe kwa kufuli. Mifupa ya Yusufu haikuondolewa katika Yoshua. Mabinti wa Selofehadi hawakuondolewa. Waliokata waliiacha mishono ionekane.

MCHUNGAJI: Basi nionyeshe mahali ambapo Wayahudi wenyewe wameiheshimu hiyo mishono, si maprofesa.

MWALIMU: Sikukuu ya Simkhat Torah, Baba Mchungaji. Wanamaliza mzunguko wa kusoma Torati kwa kifo cha Musa, na hawaendelei na Yoshua. Wanarudi Mwanzo sura ya 1 papo hapo.

MCHUNGAJI: Umenithibitishia vitano.

MWALIMU: Subiri. Baada ya Torati husomwa sehemu kutoka kwa Manabii. Siku hiyo wanasoma Yoshua sura ya 1.

MWANAFUNZI: Ibada moja?

MWALIMU: Ibada moja. Nebo, kisha uumbaji, kisha Yordani.

MCHUNGAJI: Basi darasani kwako, Mwalimu, usiwape majina manne kwanza. Wape Kumbukumbu 34 na Yoshua 1 wazisome kwa sauti katika kipindi kimoja, waulizane kama kitabu kimekwisha. Majina watayahitaji wenyewe kabla kengele haijalia.